Mama Amepumzika

Baba yangu, mzee Gasper, alikwenda Ndanda kuchukua maiti ya mke wake, akamkuta anakunywa uji.

Watu wa kijijini kwetu, hapa jirani na Mkunya, hupenda kuianza habari hii hivyo, na wakifika hapo hucheka hadi wanashika mbavu. Sikatai, ina kichekesho chake. Baba alikuwa amevaa koti lake jeusi la Ijumaa Kuu. Nyuma yake alisimama Mjomba Yoeli, kaka yake Mama, ambaye kwa mila zetu Wamakonde ndiye mwenye neno la mwisho juu ya maziko ya dada yake, na kwapani alikuwa amebana sanda mpya ambayo haijafunguliwa. Nje ya dirisha la wodi ilisimama pikapu iliyofungwa matawi mabichi mbele, kama yafungwavyo magari ya msiba, na nyuma yake jeneza limefunikwa kitenge. Mama aliyatazama yale matawi kupitia dirishani, akamtazama mumewe, kisha akameza uji wake taratibu kwa sababu taya lilikuwa bado linauma.

"Baba Julia," akasema, "nani kafa?"

Julia ni mimi. Ujumbe uliomleta Baba na jeneza lake niliutuma mimi. Ninafundisha darasa la tatu Masasi mjini, kusoma na kuandika, kwa hiyo mtu asije kunifundisha habari za kuchagua maneno. Nitaieleza kwanza kama nilivyoieleza wakati ule.

Mwezi wa tano Mama alikanyaga msumari wenye kutu, akaupaka mguu mafuta ya taa, akarudi kupalilia mihogo yake. Ndivyo alivyo, haumwi mpaka aanguke. Baada ya siku kama nane taya likakaza. Kwanza tukadhani ni jino. Kisha shingo ikakaza, na majirani wawili watatu wakaanza kunong'ona kwamba karogwa. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa na hana subira na maneno ya namna hiyo, aliwafukuza uwanjani kwake, akampakia mkewe kwenye gari la kwanza lililokubali kusimama. Walipofika Ndanda daktari alimtazama mara moja tu akasema pepopunda.

Niliomba ruhusa shuleni nikaenda kumuuguza. Alilazwa kwenye chumba chenye giza, kwa sababu mwanga ulimuumiza, na kelele ilimuumiza zaidi. Mlango ukigongwa tu, mwili wote unakakamaa, mgongo unanyanyuka, na kinachobaki kugusa godoro ni kisogo na visigino. Siku kumi na moja alikuwa hivyo. Siku ya kumi na mbili, alfajiri, mwili ukalegea. Nikamwandikia Baba: *Mama amepumzika. Namshukuru Mungu.* Kisha simu ikaisha chaji, nami nikalala kwenye benchi la nje kama gunia.

Sasa neno hilo, kwenye simu, saa kumi na moja alfajiri, kutoka kwa mtu anayeuguza, sihitaji kumweleza mtu yeyote linavyosomeka. Kengele ya kanisa ikapigwa. Watu wakaja na kuni na unga. Kaburi likachimbwa kati ya mikorosho, karibu na alipolala bibi, na lilikuwa limekamilika saa ile Mama anauliza nani kafa.

Walinigeukia wote wawili pale wodini, Baba na Mjomba, wakitaka kujua. Nikasema niliandika Mama amepumzika maumivu na sasa amelala, ila mtandao umekata maneno. Baba hajawahi kuziamini simu, akalikubali jibu hilo papo hapo. Baada ya siku mbili kijiji kizima kilikuwa kinautukana mtandao, nao haukuwa na wa kuutetea.

Hapo habari ya kuchekesha inaishia.

Kuna jambo lililofanyika nyumbani ambalo sikulishuhudia. Nilihadithiwa na Rahima, jirani yetu, ambaye tunamwita Mama Mujibu na ambaye amekuwa rafiki wa Mama tangu sijazaliwa. Huku kwetu kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, na halifukiwi tupu. Mjomba Yoeli alikata mgomba wenye kimo cha dada yake, akauvisha kanga ya Mama, ile ya bluu anayokwendea kwaya, wakauteremsha. Padri alikuwa ameshasema kwamba huo ni upuuzi, kwa hiyo Baba alisimama pale lakini aliwapa mgongo. Mjomba akaona haitoshi. Akaogopa kwamba kitu kisicho na jina kinaweza kujichagulia jina chenyewe. Akainama shimoni akasema, "Josephina, pumzika hapa." Ndipo wakafukia. Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana.

Mama alirudi nyumbani katikati ya mwezi wa saba, amekonda, anatembea kwa fimbo, anacheka. Kina mama wa kanisani walimpokea barabarani kwa nyimbo. Rahima alileta uji wa mtama uliotiwa karanga, akalia, akasema alimwombea dua kila swala. Baba alipiga magoti sebuleni bado ana vumbi la safari na kuapa mbele yetu kwamba Jumapili ya pili ya mwezi wa nane tutatoa shukrani kanisani, mbuzi wawili na pilau kwa kila atakayekuja, awe Mkristo awe Mwislamu. Niliona machozi yake. Nilimpenda sana Baba siku hiyo, nikashindwa kumtazama.

Mama alipona haraka hadi ikatisha. Wiki ya kwanza fimbo ikatupwa. Ya pili akawa anatwanga. Nilikuwa nikija kila Ijumaa kutoka Masasi, na kila nikifika namkuta amekwishafanya kazi za watu watatu: uwanja umefagiwa, mbaazi zimepukuchuliwa, na mitungi yote imejaa maji. Nikiingia kulala namwacha ameketi, nikiamka namkuta ameketi. Nilidhani ni mtu aliyeonja kufa na sasa hataki kupoteza muda. Ila macho yake yalikuwa mapana mno, na niliona kwamba akimtazama mtu hapepesi.

Mwezi wa nane ulipoanza niliomba ruhusa ya wiki mbili nisaidie maandalizi. Wakati huo wa mwaka ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma na kukaa juu ya uwanda wetu mpaka saa nne, na ndani yake watu wanapulizia mikorosho salfa, kwa hiyo asubuhi yote ina rangi ya njano chafu na harufu ya kiberiti. Katika ukungu huo ndipo Rahima alipobisha hodi, siku yangu ya tatu.

"Shikamoo, Mama Mujibu."

"Marahaba, mwanangu. Nimemletea mwenzangu uji, lakini usimwamshe." Akatabasamu. "Alhamdulillahi, analala vizuri siku hizi. Namsikia kila nikipita kule mikoroshoni. Anakoroma mpaka ndege wanahama!"

"Umemsikia lini?"

"Sasa hivi nikija."

Mama alikuwa jikoni, hatua kumi kutoka tulipokuwa, anachekecha unga wa muhogo. Chekeche lilikuwa likisikika, shaka, shaka, shaka, na Rahima alilisikia kama nilivyolisikia mimi. Akauelekeza uso jikoni. Mama akatoka mlangoni, mikono imejaa unga, akamkaribisha kwa furaha. Rahima aliweka chungu chini, akasema ana haraka, akarudi kwake kwa njia ya mzunguko, ile inayopita shuleni.

Nilijiambia kwamba Rahima amezeeka na ukungu unacheza na masikio. Mimi ni mwepesi wa kujiambia mambo. Kesho yake Baba alirudi kutoka shambani na bomba la salfa mgongoni, uso mzima wa njano, akanikuta nachambua mchele.

"Mamako kalala wapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Hajalala. Yuko kwenye tangi anachota maji."

Baba akakaa chini, bomba likiwa bado mgongoni. Lazima niseme kwamba Mama hukoroma, na si mkoromo wa kawaida. Huanza kwa mluzi mwembamba, kisha unakatika kama vile amesahau kitu, kisha unashuka kwa kishindo. Baba humtania kwamba ni lori la korosho linapanda mlima wa Newala.

"Miaka thelathini na sita nimelala pembeni ya mkoromo ule," alisema. "Siwezi kuukosea, Julia. Unatoka chini pale kwenye ule mgomba."

Kisha akapiga magoti palepale, na bomba lake, na salfa yake, akasali Baba Yetu mpaka mwisho kwa sauti ya kanisani. Nami nikaitikia. Tulipomaliza alinawa uso na hakulitaja tena.

Jeneza lilikuwa bado lipo. Fundi alikataa kulirudisha, akasema sanduku lililokwishaitiwa jina la mtu yeye haliweki karakanani kwake, kwa hiyo Baba alilisukumia kwenye ghala la korosho, nyuma ya magunia. Alhamisi kabla ya shukrani niliingia ghalani mchana kutafuta mikeka ya wageni. Kifuniko kilikuwa kimewekwa pembeni. Mama alikuwa amelala ndani, mikono kifuani, macho wazi.

"Usipige kelele," akasema.

Nikaurudishia mlango wa ghala.

"Nimejaribu kitanda," akaendelea, akitazama paa. "Nimejaribu mkeka. Nimejaribu hata sakafu ya kanisani, Jumanne nilipokwenda kufagia. Nikadhani labda humu nitaupata."

"Utapata nini, Mama?"

"Usingizi, mwanangu. Sijalala tangu Ndanda."

Nilimwambia haiwezekani. Nilimwambia angekuwa amekwisha. Akaniambia anajua, na yeye pia anashangaa.

"Kuna mchana nilikuwa nimelala pale wodini, usingizi mtamu, kengele ya abasia, ile ya watawa, inalia ya saa sita. Mtu akanivuta shuka. Nikafumbua macho, hakuna mtu, na shuka lipo. Tangu hapo basi. Ilikuwa Alhamisi, kwa maana ndiyo siku waliyonipa wali mara ya kwanza." Aliinuka akakaa mle jenezani, akaanza kujipangusa vumbi la korosho. "Mwili unapona, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini nimechoka, Julia. Nimechoka mpaka kwenye mifupa. Na kinachoniumiza ni kwamba namsikia. Wewe humsikii? Analala vizuri kuliko nilivyowahi kulala mimi."

Nilimkumbatia. Alikuwa anatetemeka kidogo, mfululizo, na mtetemo huo sikuwa nimeuona kwa sababu alikuwa haketi mahali pamoja. Niliogopa kwa kweli siku ile, si kaburi, niliogopa kumkosa mara ya pili baada ya kuachiwa.

Tabibu wa zahanati alimpa vidonge vya usingizi, akameza kimoja, akameza viwili, akafua nguo zote za nyumbani. Ijumaa akaanza kusahau. Aliweka chumvi kwenye chai na akasimama katikati ya uwanja akijaribu kukumbuka jina la mbwa. Jumamosi asubuhi alianguka jikoni, pembeni kabisa ya moto, na nilipomwinua aliniita kwa jina la marehemu bibi, akaniomba nimpeleke nyumbani. Tabibu akaja tena na kipimo chake, akausikiliza moyo kwa muda mrefu.

"Unaruka," alimwambia Baba. "Mzee, sitaki nikudanganye. Mwili wa mtu haukuumbwa kukesha hivi. Jumatatu mpelekeni hospitali. Asipolala kabla ya hapo, moyo unaweza kusimama wenyewe."

Padri alishauri mgomba ufukuliwe uchomwe moto, basi. Mjomba Yoeli akakataa katakata. "Uliolala mle ni usingizi wake," alisema. "Mkiuchoma, atalala na nini?" Kwa mara ya kwanza Baba hakumbishia.

Jumamosi hiyohiyo alasiri tulikwenda watatu mikoroshoni, Mjomba, Baba na mimi. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na tuta lilikuwa katikati yake, halina msalaba. Niliusikia kabla hatujafika. Mluzi. Kimya. Kishindo. Nimesikia mkoromo huo kupitia ukutani utoto wangu wote, na ulikuwa ukinipa usalama, nikijua Mama yupo. Sasa miguu ilitaka kurudi yenyewe.

Mjomba alimwaga unga wa mtama kidogo juu ya tuta. Baba alitupa mgongo, midomo ikicheza, akisema zaburi kimoyomoyo.

"Josephina," Mjomba akasema, "tulikosea. Simu ndiyo iliyotudanganya. Rudi kwa mwenyewe."

Mkoromo ukakatika. Tukangoja. Nilihesabu hadi ishirini na tatu. Kisha ukaanza tena, mzito zaidi, kama wa mtu aliyesumbuliwa akageukia upande wa pili.

Mjomba akapangusa mikono. "Haitaki. Neno lililomlaza humu linataka kurudishwa na mdomo uliolisema. Mimi nililipokea tu. Babako alilipokea tu. Aliyelisema ni simu, na simu ina mdomo?" Alinitazama. Hakuwa ananishuku hata chembe, na hilo ndilo lililonichoma. "Wewe umesoma, mama. Hakuna namna ya kuwaita hao wa mtandao waje waseme?"

"Hakuna, Njomba," nikasema.

Walipotangulia nilibaki nyuma, nikaweka kiganja juu ya udongo. Hewa ilikuwa ya baridi. Udongo ulikuwa na joto, joto la kitanda ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Jumapili ya shukrani, saa moja asubuhi, uwanja ulijaa. Mbuzi walikuwa wamechinjwa, Rahima na wenzake walikuwa wanakaanga vitunguu, watoto wamevalishwa. Nilitoka na gauni langu la kanisani kumwita Mama avae, nikakuta chumba kitupu. Nilijua alipo. Nilikwenda kwenye ukungu huku nimebeba viatu mkononi.

Alikuwa ameketi juu ya tuta, amevaa sare yake nyeupe ya umoja wa kina mama, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Alikuwa anasikiliza. Chini yake mkoromo unapanda na kushuka, na pindo la nguo yake, wallahi, lilikuwa linapanda na kushuka nao.

"Anakaribia kuamka," Mama akasema bila kunitazama. "Nasikia anavyogeuka. Akiamka yeye, Bibi, mimi nitakwenda wapi?"

"Mimi ni Julia, Mama."

"Ndiyo. Julia."

Nikapiga magoti kwenye majani yenye umande. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima na yote yakaniponyoka, yakabaki yale ya kweli.

"Mama, mtandao haukukata neno. Niliandika hivyohivyo. Mama amepumzika. Na sikumaanisha usingizi."

Hakugeuka.

"Siku ile ya kumi na moja, ulipokakamaa mpaka nikasikia mfupa, nilipiga magoti kando ya kitanda chako nikasema, Bwana, mpumzishe. Sikusema mponye. Nilisema mpumzishe, na nilijua ninachoomba. Alfajiri ukalegea. Sikukugusa, Mama. Sikukupima hata pumzi. Nilikutazama kutoka mlangoni nikaona imekwisha, nikafurahi. Nikatoka nje nikamwandikia Baba, nikamshukuru Mungu kwa sababu umekufa. Nesi ndiye aliyenifuata kwenye benchi akaniambia mgonjwa wako amelala, mapigo mazuri. Simu yangu ilikuwa imezima, ndiyo, lakini pale nje kulikuwa na watu kumi wenye simu. Sikuazima. Sikujua niandike nini. Nikalala."

Nililia kwa nguvu, bila staha. Nilikuwa nimelibeba tangu mwezi wa sita, nikipongezwa na kila mtu kwamba mimi ndiye binti, mimi ndiye niliyemuuguza mama.

Ilipita kitambo kabla sijatambua kwamba chini hapana sauti.

Mama alikuwa ananitazama. Alipepesa macho, mara moja, polepole, mara ya kwanza kumwona akipepesa tangu arudi.

"Nilikusikia," akasema.

"Lini?"

"Siku hiyohiyo. Meno yalikuwa yamefungwa, mwanangu, masikio hayakufungwa. Ulipiga magoti ukagonga ndoo, nikakakamaa upya kwa ajili ya hiyo ndoo. Kisha ukasema mpumzishe." Akaukunja mkono wake kwenye mkono wangu. "Nami nikaitikia moyoni. Amina. Nikaitikia kwa nguvu zangu zote. Tulikuwa wawili."

Nilipangusa uso kwa pindo la gauni.

"Nimekaa nyumba hii mwezi mzima naona aibu kutoa shukrani. Watu wananichinjia mbuzi, babako anapiga magoti, na mimi nilikwishamwambia Mungu aache kuniponya. Nilidhani ni mimi peke yangu." Alishusha pumzi ndefu. Mtetemo ule wa mfululizo ulikuwa umetulia. "Basi haya. Nisogezee mguu wako."

Alijilaza palepale juu ya tuta, kichwa kwenye paja langu, akakunja magoti kama mtoto.

"Kengele ikilia uniamshe," akasema, na akafumba macho.

Niliweka kiganja kwenye udongo. Ulikuwa baridi na wenye umande, udongo wa kawaida wa asubuhi. Hakuna kilichosikika chini. Wala juu hakuna kilichosikika. Nilingoja mluzi wake, nilingoja kishindo, na Mama, ambaye hajawahi kulala kimya maisha yake yote, alilala kimya.

Baba alitokea kwenye ukungu na koti lake jeusi, Mjomba nyuma yake. Walituona wakasimama mbali kidogo. Baba akavua kofia, kisha akaonekana kama anajuta kuivua, akaivaa tena.

"Ame..." akaanza, akaliogopa neno. Akaanza upya. "Mamako vipi?"

Kengele ya kanisa ikalia ya kwanza. Mama hakushtuka. Ikalia ya pili. Nilikuwa nimeahidi kumwamsha, na mkono ulikataa. Mjomba alikuwa ameshika shina la mkorosho. Hakuna aliyesogea.

Nikapeleka kiganja changu mbele ya pua yake. Pumzi ikaja, ya vuguvugu. Nikangoja nyingine.